Kituo, posho, hongo: Maneno tuliyoachiwa na njia ya msafara

Tuanze na sarufi kabla hatujaingia barabarani. Neno kituo limetokana na kitenzi tua. Ndege hutua, jua hutua, na mtu aliyejitwika mzigo huutua. Kituo basi ni mahali pa kutua mzigo. Wanafunzi wa ushairi wanalijua kwa maana ya mshororo wa mwisho wa ubeti, na jirani yake kibwagizo limetoka kwa bwaga, yaani kuutupa mzigo chini kwa kishindo. Leo tuna kituo cha polisi, kituo cha mafuta, kituo cha afya na kituo cha kupigia kura. Makanga atakwambia steji, lakini gazeti hili litaandika kituo cha matatu. Katika hayo yote mzigo wenyewe umesahaulika.

Mimi nadai kwamba maneno mengi tunayoyatumia kila siku kuhusu safari, chakula cha kazi, uongozi na ufisadi yalikomaa kwenye njia za miguu za karne ya 19, njia za misafara kutoka pwani kwenda bara. Maneno hayo yana kumbukumbu. Mengi yanakumbuka upande wa mbebaji. Moja, hongo, limechukua upande wa mpita njia likamgeuka mwenye nchi, na hilo ndilo linalonikera.

Kwanza tuchungulie mbali kidogo, maana kulinganisha husaidia. Wajapani walikuwa na barabara iliyoitwa Tokaido, kutoka Edo, ambayo ndiyo Tokyo ya leo, hadi Kyoto. Urefu wake ulikaribia kilomita 500, sawa na kutoka Mombasa hadi hapa Nairobi. Mwaka 1601 utawala wa Tokugawa uliipangia vituo, na hatimaye vikawa 53 kati ya miji hiyo miwili. Kila kituo kilitakiwa kuweka tayari wapagazi 100 na farasi 100 kwa ajili ya shughuli za serikali, na pale Hakone kulikuwa na kizuizi cha kukagua vibali, hasa vya wanawake waliotoka Edo na bunduki zilizoingia. Katika miaka ya 1830 msanii Hiroshige alivichora vituo vyote, na picha zake zimesambaa dunia nzima. Kule barabara ilikuwa ya dola. Dola ilipima, ilipanda miti kandokando, iliamuru nani apite na nani arudi.

Kwetu mambo yalikuwa tofauti kabisa. Njia ilikuwa ya kila jamii iliyopitiwa, kipande kwa kipande, na kituo hakikuwekwa na amri ya mtu. Kiliwekwa na maji na chakula.

Tuifuate njia ya kaskazini, hii yetu. Watu hudhani kwamba ilifunguliwa na wafanyabiashara wa pwani wakipanda kuja bara. Ukweli ni kinyume. Wakamba ndio waliokuwa wakishuka na pembe za ndovu hadi Mombasa, na Kivoi wa Kitui, ambaye mmisionari Krapf alimtembelea mwaka 1849, alikuwa akiongoza misafara yake mwenyewe. Waswahili walifuata nyayo hizo baadaye. Na kule kusini, kwenye njia kuu ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, Wanyamwezi walifanya vivyo hivyo.

Ukiondoka Mombasa kupitia Rabai, siku chache tu unaingia nyika ya Taru, na hapo si mchezo. Hakuna mto. Kuna ngurunga, mashimo ya miambani yanayohifadhi maji ya mvua, na mvua ikikosekana basi na ngurunga ni mwamba tu. Maungu ina maji, lakini yako juu mlimani, kwa hiyo mtu aliyetembea kutwa na mzigo ilimbidi aupande mlima ndipo anywe. Kisha Ndi kule Taita, mto Tsavo, Kibwezi, halafu Machakos, jina ambalo ni Masaku lililovunjikia mdomoni mwa wageni. Kwa sababu ya nafasi hizi kavu kati ya maji na maji, lugha ya msafara ilikuwa na neno ambalo leo halimo vinywani mwa watu: tirikeza. Kupiga tirikeza ni kuondoka adhuhuri, baada ya kunywa na kujaza vibuyu, mkaenda hadi usiku, mkalala pakavu, mkaamka kabla ya alfajiri ili mfikie maji ya mbele kabla jua halijawa kali. Jambo la siku mbili limebebwa na neno moja. Wazungu waliosafiri na misafara waliliandika vitabuni mwao bila kulitafsiri, kwa sababu kwao halikuwa na mwenzake.

Baada ya Machakos ni tambarare za Athi, na ng'ambo yake ndipo mahali panaponihusu, kwani naandika haya nikiwa Nyayo Highrise. Mtaa wetu unapakana na Kibra na uko kando ya barabara ya Mbagathi, ile inayoanzia Ngong Road ikaangukia Lang'ata Road. Ngong na Mbagathi: maelfu ya watu hupita kwenye makutano ya barabara hizo kila asubuhi, na ni wachache wanaojua kwamba zamani majina hayo mawili yalikuwa jina moja la kituo. Misafara iliita mahali hapo Ngongo Bagas. Joseph Thomson alipiga kambi hapo mwaka 1883, na Count Teleki pamoja na von Höhnel wakafuata mwaka 1887. Ni matamshi ya kipwani ya maneno ya Kimaasai. Enkong'u ni jicho, na pia ni chemchemi, mahali maji yanapofumbukia. Kiswahili nacho kina jicho la maji, kwa hiyo wazo hilo si geni kwetu. Ngongo Bagas ni jicho la Mbagathi, chanzo cha mto. Wapagazi walilichukua jina la Wamaasai wakalitia konsonanti na irabu za pwani, wakoloni wakalikata vipande viwili, na mipango miji ikazitungia barabara.

Kwa nini hapo? Kwa sababu ya tumbo. Mbele palikuwa na nchi ya Wamaasai, wafugaji, ambako nafaka haikupatikana kwa wiki nyingi. Ngongo Bagas palikuwa ukingoni mwa msitu, na ndani ya msitu kulikuwa na mashamba ya Wakikuyu yenye maharagwe, viazi vitamu, mtama na ndizi. Msafara uliotua hapo ulikaa siku nyingi ukinunua, ukikausha, ukifunga. Wauzaji wengi walikuwa wanawake, na hata vita vya wanaume vilipowaka biashara yao mara nyingi iliendelea. Ukipanda kidogo kutoka Kawangware ya leo uko katika nchi iliyoitwa Dagoretti, ambako misafara ya baadaye ilihamishia ununuzi wake. Nitairudia.

Sasa mbebaji. Kitenzi pagaa ni kubeba mzigo begani, na ndicho kilichotupa mpagazi. Pepo naye humpagaa mtu, ndipo tukasema amepagawa. Yaani aliyepagawa amekuwa mpagazi wa pepo, amebebeshwa asichokiona. Mzigo wa mpagazi ulikaribia frasila mbili, kilo 30 na kitu, na juu yake aliongeza mkeka, sufuria na chakula chake. Wengi wa wapagazi waliotoka Mombasa na Unguja walikuwa watumwa waliokodishwa, na bwana alichukua sehemu ya mshahara. Wengine walikuwa waungwana waliojiandikisha wenyewe. Wanyamwezi walikuwa watu huru, na kwa vijana wao kwenda pwani na kurudi ilikuwa ndiyo njia ya kuitwa mwanamume.

Mbele ya mstari alitembea kirangozi, kama wasafiri walivyoliandika, huku bendera iko mkononi na kilemba au manyoya kichwani. Huyo ndiye kiongozi wetu. Ona lakini tofauti: naye alibeba mzigo, mwepesi kidogo lakini mzigo, na hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Akitua, wote wanatua. Chini yake, au tuseme kando yake, alikuwepo mnyapara, neno la Kinyamwezi lililokuwa na maana ya mzee mwenye heshima. Lilipopita kwenye msafara likawa msimamizi wa wapagazi, na lilipofika kwenye mashamba ya walowezi na magerezani likawa nyapara, mtu wa kufokea wenzake. Sijui neno jingine la heshima lililoshushwa cheo namna hiyo katika muda wa vizazi viwili.

Posho ndiyo hadithi ninayoipenda zaidi. Katika msafara posho ilikuwa chakula cha siku, na kipimo chake kilikuwa kibaba kimoja cha nafaka, takriban gramu 700. Haba na haba hujaza kibaba, tunasema. Mpagazi alikuwa akihesabu hizo haba kwa macho. Nafaka ilipokosekana alipewa ushanga au vipande vya kitambaa akajinunulie. Kwa hiyo tangu mwanzo posho ilikuwa na nyuso mbili, chakula na malipo ya kununulia chakula, na mataifa yetu yamegawana nyuso hizo. Uganda, posho ni ugali wenyewe, unaokaa sahani moja na maharagwe katika kila shule ya bweni. Kenya, imebaki kwenye mashine: tunapeleka mahindi posho mili, na kibarua wa shambani huambiwa atapata posho yake. Tanzania, posho ni fedha anayolipwa mtumishi au mbunge kwa kuhudhuria kikao, na wananchi hulizungumzia jambo hilo kwa uchungu. Mganda, Mkenya na Mtanzania wakikaa meza moja, mmoja akasema amekula posho, kila mmoja atamwelewa kivyake.

Bidhaa za msafara nazo zimetuachia alama. Kitambaa cheupe cha pamba kutoka Marekani kilienea hadi kikaitwa amerikani, na hata vilipokuja vya Bombay na Manchester jina halikubanduka. Waya wa chuma, ambao Wamaasai na majirani zao walioupenda kwa mapambo, uliitwa seng'enge. Leo seng'enge ni ule wa miiba unaozungushiwa ploti.

Na kitambaa hicho, ushanga huo na waya huo ndivyo vilivyolipa hongo.

Hongo ilikuwa nini? Msafara wa watu mia tano, au elfu moja, ukiwa na punda na wengine wakiwa na bunduki, unaingia katika nchi yako. Wanataka maji ya kisima ulichokichimba wewe. Wanataka kuni, majani, mahali pa kulala, soko la chakula. Wanaweza kukuachia ndui. Basi kabla ya kuteka maji, wakubwa wao wanakaa na wazee wako, wanajadiliana, pengine siku tatu, wanapima doti kwa mkono, na mkikubaliana mnatangaza: wageni hawa wamelipa, wasiguswe. Hiyo ndiyo hongo. Ililipwa hadharani, mchana, mbele ya mashahidi, na aliyeipokea alibeba wajibu wa usalama. Ugogo, kwenye njia ya kusini, ndiko ilikokuwa nzito kuliko kote, na sababu si uroho kama wasafiri walivyolalama. Ugogo ni nchi kame. Kisima kimoja kikikaushwa na msafara, mifugo ya kijiji inakufa.

Lakini waliotuachia maandishi ni wapita njia. Burton alilalamika, Stanley naye akalalamika. Mwaka 1871, akienda Ujiji kumtafuta Livingstone, Stanley alifika Uha akachoka kulipa, akaamua kupenya vichakani usiku ili akwepe machifu waliobaki. Alilisimulia jambo hilo kwa fahari. Hebu tuligeuze: mtu anapita nchi ya watu usiku, bila ruhusa, ili asilipe ada. Leo tungemwitaje?

Turudi Dagoretti. Oktoba 1890 Kapteni Lugard, akiwa safarini kwenda Uganda kwa niaba ya kampuni ya Imperial British East Africa, alikula kiapo cha undugu na Waiyaki wa Hinga na kujenga boma. Hiki sasa kilikuwa kituo cha aina mpya, chenye ukuta, handaki na bendera. Kwa mtazamo wa Waiyaki, undugu ule ulikuwa makubaliano ya mwenye nchi na mgeni. Lugard aliondoka. Wapagazi na askari wa misafara iliyofuata walipoingia mashambani na kujichukulia chakula, undugu ukaharibika, na mwaka 1891 boma likaachwa. Kampuni haikukubali kushindwa. Kapteni Eric Smith akajenga jingine pale Kabete, karibu zaidi na nyumbani kwa Waiyaki, likaitwa Fort Smith. Agosti 1892 Waiyaki aligombana na Purkiss, aliyekuwa msimamizi wa ngome, akajeruhiwa, akafungwa minyororo. Akatiwa katika msafara wa kushuka pwani. Hakufika. Alifariki Kibwezi, na masimulizi ya Wakikuyu yanashikilia mpaka leo kwamba alizikwa akiwa hai. Mtu aliyekuwa na kauli juu ya nani apite nchini mwake alipitishwa kituo kwa kituo kama mzigo.

Kibwezi hiyohiyo ndiko Wamisionari wa Kiskoti walikoanzia mwaka 1891, kabla ya kuhamia Kikuyu mwaka 1898 na kupaacha na jina Thogoto. Lakini hiyo ni makala nyingine.

Baada ya ngome, hongo ilikuwa imehukumiwa. Barabara ya Mackinnon ilifika Kibwezi mwanzoni mwa miaka ya 1890, Kapteni Sclater akaiendeleza kuelekea ziwani katikati ya muongo huo. Njia ikawa ya dola, kama Tokaido, na katika barabara ya dola hakuna mzee wa kuketi nanyi siku tatu mkipima doti. Kituo cha Eldama Ravine ndicho kilichoshuhudia mwanzo wa maasi ya wanajeshi wa Kisudani mwaka 1897. Wenzao waliobaki katika jeshi la Mwingereza ndio ambao baadaye walipewa ardhi ya kukaa Kibra, jina la Kinubi lenye maana ya msitu. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Mwaka huohuo wa 1901 serikali ikatangaza kodi ya nyumba. Wajerumani kule kusini walikuwa wametangulia mwaka 1897. Tazama mpangilio: malipo ambayo mgeni alimpa mwenyeji yakapigwa marufuku, na malipo ambayo mwenyeji alimpa mgeni yakawa sheria. La kwanza likabaki na jina hongo, likaoza. La pili likaitwa kodi, na ukikataa unafungwa.

Kwa hiyo ninapowasikia walimu wakisema ati hongo tangu asili ni rushwa, nasikia sauti ya Stanley. Si lazima neno lingeangukia huko. Watanzania wana rushwa, neno la Kiarabu, na hata taasisi yao ya kupambana nayo inalitumia jina hilo; kwao kuhonga mara nyingi ni mambo ya mwanamume na zawadi zake kwa mpenzi. Sisi Wakenya tuna mlungula, tuna chai, tuna kitu kidogo. Akiba ya matusi haikuwa imetuishia. Bado tulilichukua neno lililokuwa jina la haki ya wazee wa Ugogo, Taita na Umaasai, tukalipachika kwenye noti inayopenyezwa kiganjani mwa askari wa barabarani. Nakubali kwamba yapo yanayofanana: mtu anasimama njiani, msafiri anatoa kitu, anapita. Hata machifu wapo waliozidisha, hasa walipoona misafara inaongezeka na bunduki nazo. Ila wazee walikuwa na kisima. Askari hana kisima; barabara anayoisimamia imeshalipiwa na abiria aliyemo ndani ya matatu.

Kuna majina ambayo hayakudhulumiwa. Misafara ilikuwa na desturi ya kuita mahali kwa jina la mwenyeji: kituo kikubwa cha magharibi kiliitwa Kwa Sundu, yaani Shiundu, mtawala wa Wanga, na alipomrithi mwanawe Nabongo Mumia pakawa Kwa Mumia, ndiyo Mumias ya leo. Desturi hiyo haijafa mjini. Mukuru Kwa Njenga, Mukuru Kwa Reuben: bado tunapataja mahali kana kwamba tunabisha hodi kwa mtu. Na wapagazi wenyewe, waliokamatwa kwa maelfu kubebea majeshi mizigo katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wametuachia Kariakoo mbili, ya Nairobi na ya Dar es Salaam, kutokana na matamshi ya jina la kikosi chao, Carrier Corps.

Kituo kipya kabisa kwenye njia hii ni Mlolongo. Mji huo umepata jina kutokana na foleni za malori yaliyokuwa yakisubiri kupimwa uzani, na naliona ni jina zuri, kwa kuwa ni la mizigo na subira. Kutoka hapo, tangu mwaka 2022, inaanza barabara ya juu ya kilomita 27 iliyojengwa na Wachina, inayovuka jiji na kushukia Westlands, upande wa James Gichuru, ambako ukiendelea na safari utafika Kawangware. Ukiichora kwenye ramani utaona kwamba inafuata takriban uelekeo wa misafara iliyotoka tambarare za Athi kwenda kununua chakula Dagoretti. Mwenye gari hulipa langoni ndipo apite, na kiasi hutegemea ukubwa wa gari na umbali, kama vile hongo ilivyotegemea wingi wa watu na mizigo. Magazeti bado hayajaamua tuyaiteje malipo hayo. Nimeona ada, nimeona ushuru, na wenzetu wa Tanzania wangesema tozo. Chini yake, kwenye barabara ya zamani isiyo na lango, makanga ameshaandaa noti ya shilingi hamsini, ameikunja mara nne.